Mwanafunzi wa masafa asiachwe peke yake wakati wa mitihani

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI anayesoma chuo kikuu akiwa bwenini huujua msimu wa mitihani kabla hata ratiba haijabandikwa. Maktaba hujaa, muziki hupungua vyumbani, na wenzake huanza kuulizana maswali hata wakiwa kwenye foleni ya chakula. Mazingira yenyewe humsukuma kufungua madaftari.

Mwalimu wa shule ya msingi katika Kata ya Kemambo, wilayani Tarime, anayesoma shahada kwa njia ya masafa, hana kengele ya namna hiyo. Wiki mbili kabla ya mtihani wake bado anasahihisha madaftari ya wanafunzi, anahudhuria msiba wa jirani, anapalilia shamba na kuamka usiku kumwangalia mtoto mwenye homa. Majirani wanamfahamu kama mwalimu, mke wa mtu na mama wa watoto. Ni wachache wanaokumbuka kwamba naye ni mwanafunzi.

Mfano huo si wa mtu mmoja. Katika kila wilaya ya nchi hii wapo walimu, wauguzi, askari, watendaji wa vijiji, wafanyabiashara na wafanyakazi wa migodini wanaotafuta elimu ya juu bila kuacha kazi wala familia. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na akili na bidii ya kutosha, lakini akashindwa kwa kukosa mambo manne ambayo mwenzake wa bwenini huyapata bila kuyaomba: taarifa sahihi, muda, utulivu na wenzake wa kusoma nao.

Habari njema ni kwamba mambo hayo hayahitaji profesa. Mengi yanaweza kutolewa na mume, mke, mwalimu mkuu, msimamizi wa zamu na jirani. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hivyo.

Chuo kilichowafuata watu walipo

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, baada ya kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga kupendekeza kuwapo kwa chuo cha aina hiyo. Kilianza shughuli zake Machi 1, 1993 na kuzinduliwa rasmi Januari 19, 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wa kwanza wa chuo.

Wazo lilikuwa rahisi kueleweka. Nafasi katika vyuo vya kawaida zilikuwa chache, na maelfu ya watumishi waliokuwa na sifa hawakuweza kuacha ajira na familia ili wakae bwenini kwa miaka mitatu au minne. Badala ya watu kukifuata chuo, chuo kiliwafuata watu walipo kwa vitabu vya kujisomea, mikutano michache ya ana kwa ana na vituo vya mikoa. Kwa Mkoa wa Mara, kituo kipo Musoma, makao makuu ya mkoa.

Tanzania haikuwa peke yake katika njia hiyo. Uingereza ilianzisha chuo chake kikuu huria mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1971. Jirani zetu wa Kenya walizindua chao mwaka 2023.

Barani Afrika, mwanafunzi wa masafa anayejulikana kuliko wote pengine ni Nelson Mandela. Alikamilisha shahada yake ya kwanza kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1940, akifanya kazi mjini Johannesburg mchana na kusoma usiku kwa mwanga wa mshumaa. Shahada ya sheria aliipata kupitia chuo hichohicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa.

Umbali usiopimwa kwa kilomita

Kemambo iko katika eneo ambalo wengi hulifahamu kwa jina la Nyamongo, jirani na Mgodi wa Dhahabu wa North Mara. Ng'ambo ya Mto Mara ni Wilaya ya Serengeti. Anayekwenda Musoma kwa njia ya Tarime mjini hulazimika kubadili gari na kuvuka Daraja la Kirumi kabla ya kufika. Hiyo si safari ya kwenda kumwuliza mhadhiri swali moja na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, mtaalamu wa elimu wa Marekani, Michael Moore, amekuwa akieleza tangu miaka ya 1970 kwamba umbali unaomdhuru mwanafunzi wa masafa si ule wa barabara. Ni pengo la mawasiliano na la kuelewana kati ya anayejifunza na anayefundisha. Mtu anaweza kuishi jirani na ofisi za chuo akawa mbali, na mwingine akaishi kijijini akawa karibu, ikiwa anaulizwa, anajibiwa na anajua kazi yake imefikia wapi.

Kwa mantiki hiyo, kumsaidia mwanafunzi wa masafa ni kupunguza pengo hilo. Simu moja kutoka kituo cha mkoa, yenye swali la kawaida kama "umejiandaaje?", inaweza kumrudisha mezani mtu aliyekuwa ameanza kukata tamaa.

Taarifa kwanza, vitabu baadaye

Inasikitisha kuona mtu aliyesoma mwaka mzima akikosa mtihani kwa sababu isiyohusiana kabisa na masomo. Anaweza kulijua somo lake vizuri na bado akakwama kwa kuwa hakujisajili kufanya mtihani ndani ya muda uliopangwa, hakumaliza ada, au hakufanya jaribio lililotakiwa kutangulia.

Kwa hiyo, miezi mitatu kabla ya mitihani, mwanafunzi aketi na karatasi moja na kujibu maswali haya. Je, usajili wangu wa mwaka na wa kila somo umekamilika? Ada imepokelewa na kuonekana katika kumbukumbu za chuo? Majaribio yote yamefanyika na alama zake zimeingizwa? Mwisho wa kujisajili kwa mitihani ni lini? Kituo changu cha mtihani ni kipi? Kitambulisho cha chuo bado kinatumika? Ratiba ina mitihani miwili inayogongana?

Majibu yaandikwe kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo familia nzima inayaona. Mtoto anayepita hapo kila siku atakuwa mkumbushaji mzuri kuliko simu.

Jambo jingine ni chanzo cha taarifa. Makundi ya simu ya wanafunzi yana faida kubwa, lakini pia hueneza uvumi kwamba mitihani imeahirishwa au mada fulani haitatoka. Tarehe na masharti yathibitishwe kituoni au katika matangazo rasmi ya chuo. Kwa anayeishi mahali penye mtandao hafifu, siku ya kwenda mjini iwe pia siku ya kupakua vitabu, matangazo na mitihani iliyopita, ili avisome baadaye bila kuhitaji intaneti.

Nacho chuo kina wajibu. Tangazo linalobandikwa kwenye ubao wa kituo pekee halimfikii mtu wa Kemambo. Ujumbe mfupi wa simu, uliotumwa mapema na kwa lugha iliyo wazi, hugharimu kidogo ukilinganishwa na mwaka mzima wa mwanafunzi kupotea.

Muda hauongezeki, hugawanywa

Tufanye hesabu. Mwanafunzi mwenye masomo matano, akitenga saa 10 kwa wiki kwa muda wa wiki 12, atakuwa na saa 120, yaani saa 24 kwa kila somo. Huo ni muda wa kutosha kupitia kitabu chote, kujibu mitihani iliyopita na kurudia sehemu ngumu. Akisubiri wiki mbili za mwisho, atalazimika kutafuta saa zaidi ya nane kila siku ili afikie saa zilezile, jambo lisilowezekana kwa mtu mwenye kazi na watoto. Bandu bandu humaliza gogo.

Saa 10 kwa wiki zinaweza kupatikana kwa saa moja na nusu alfajiri siku tano, na saa mbili na nusu siku ya mapumziko. Kinachotakiwa ni saa hizo zijulikane na kuheshimiwa na wote nyumbani.

Hapo ndipo tunapolazimika kusema ukweli kuhusu familia zetu. Katika nyumba nyingi, mwanamume akisoma, watoto hunyamazishwa. Mwanamke akisoma, huambiwa amalize kwanza kupika, kufua na kuteka maji. Kisha hufungua kitabu saa nne usiku, akiwa amechoka, na baadaye huonekana kwamba hana kichwa cha masomo. Mume anayetaka mkewe afaulu achukue kazi mbili au tatu za nyumbani kwa wiki hizo 12. Huo ni msaada mkubwa kuliko maneno ya kumtia moyo.

Mwajiri naye ana nafasi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, lakini mwajiri ana usemi kuhusu wakati wa kuichukua. Mwanafunzi anayejua tarehe za mitihani aombe mapema, kwa maandishi, ili sehemu ya likizo iangukie wakati huo. Mwalimu mkuu anaweza kupanga vipindi upya kwa wiki moja, na mwalimu mwenzake akashika darasa kwa makubaliano ya kulipa fadhila baadaye. Migodini na hospitalini, ambako kazi hufanyika usiku na mchana, msimamizi anaweza kuruhusu kubadilishana zamu ili mtu asitoke zamu ya usiku na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani.

Jamii pia ielewe. Kwetu, kutoonekana msibani au kwenye kikao cha harusi huonekana kuwa ni kiburi. Mwanafunzi atoe taarifa mapema kwa wazee na majirani, atume rambirambi au mchango wake, na aeleze kwamba baada ya tarehe fulani atarudi katika shughuli zote. Akieleza kwa heshima, wengi watamwelewa.

Kusoma tena si kujiandaa

Watu wengi hujiandaa kwa mtihani kwa kusoma kitabu kilekile mara tatu au nne na kupiga mistari kwa kalamu ya rangi. Njia hiyo humpa msomaji hisia kwamba anajua, kwa kuwa maneno hayamshangazi tena. Lakini chumba cha mtihani hakimwulizi kama anayatambua maneno, bali humtaka ayatoe kichwani bila kitabu.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba mtu husahau upesi sana katika saa na siku za mwanzo baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana huimarisha kumbukumbu. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha njia mbili za kujifunza. Kwa njia ya kwanza, wanafunzi walisoma kifungu mara mbili. Kwa njia ya pili, walisoma mara moja, kisha wakajipima kwa kuandika kila walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kuliongoza kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kwa kujipima walikumbuka asilimia 56, na kwa kurudia kusoma asilimia 42.

Funzo lake ni la moja kwa moja. Kila baada ya kusoma sura moja, mwanafunzi afunge kitabu, achukue karatasi tupu na kuandika anayoyakumbuka. Kisha afungue na kusahihisha. Sura hiyo airudie baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Katika wiki nne za mwisho ajibu mitihani iliyopita kwa kalamu, saa ikiwa mezani. Aliyezoea kuandika kwa vidole kwenye simu hugundua siku ya mtihani kwamba mkono umechoka kabla ya swali la tatu.

Hapo familia inaweza kusaidia hata kama hakuna mwingine aliyesoma chuo kikuu. Mwanafunzi aandike maswali upande mmoja wa karatasi na majibu upande wa pili, kisha ampe mtoto wa darasa la sita amwulize wakati anapika au anachambua mboga. Mtoto hahitaji kuielewa saikolojia ya elimu ili aone kama jibu la mama linafanana na lililoandikwa. Zaidi ya hayo, mtoto huyo anajifunza kwamba kusoma hakuishii shuleni.

Siku hizi wapo wanaotumia programu za akili mnemba katika simu. Zinaweza kutunga maswali ya kujipima au kueleza dhana kwa maneno mepesi. Lakini hukosea, na hukosea kwa kujiamini, hivyo kila jibu lilinganishwe na kitabu cha chuo. Programu hiyo haitaingia naye kwenye chumba cha mtihani.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Wanafunzi watatu au wanne walio katika kata moja, au kata jirani, wanaweza kuunda kikundi hata kama wanasoma shahada tofauti. Darasa la shule ya msingi huwa tupu Jumamosi alasiri, na mwalimu mkuu akiombwa ni nadra kukataa. Kikundi kiwe na utaratibu: kila mmoja afundishe mada moja kwa dakika 20, wenzake waulize, kisha wote wajibu swali moja kwa maandishi na kubadilishana karatasi za kusahihisha. Bila utaratibu huo, kikao hugeuka kuwa cha kulalamikia ugumu wa masomo.

Kikundi pia hupunguza gharama. Kitabu kimoja kinaweza kuzungushwa, anayekwenda Musoma akawafuatilia wenzake masuala ya usajili, na wanaofanya mtihani siku moja wakasafiri na kupanga chumba pamoja.

Lakini msaada usigeuke udanganyifu. Kumwandikia mtu kazi yake, kumfanyia mtihani au kununua karatasi inayodaiwa kuvuja ni kumtafutia kufukuzwa chuo. Anayeuza karatasi hizo, ziwe za kweli au za uongo, huuza hasara. Mzazi au mwenzi anayechangia fedha kwa ajili hiyo ajue anachokichangia.

Safari ya mtihani

Kwa mtu wa mjini, siku ya mtihani huanza asubuhi. Kwa mtu wa Kemambo huanza jana yake. Mvua inaweza kuharibu barabara, gari linaweza kujaza abiria kwa saa mbili au kupata pancha. Ni busara kulala Musoma usiku wa kuamkia mtihani, na kuweka akiba ya nauli, malazi na chakula kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka wa masomo. Kama ratiba ina mitihani ya siku kadhaa, kukaa kwa ndugu au kwenye gesti tulivu ni bora kuliko kwenda na kurudi.

Mkoba uandaliwe mapema: kitambulisho, hati za kuingilia mtihani, kalamu zaidi ya moja, saa ya mkononi na maji. Simu iachwe nje ya chumba cha mtihani, hata ikiwa imezimwa.

Usiku huo si wa kukesha. Mtu mzima anahitaji usingizi wa takriban saa saba au zaidi, na ni usingizini ubongo huimarisha yale yaliyosomwa mchana. Alale ndani ya chandarua, kwani malaria haiahirishi homa kwa sababu ya mtihani. Nao walio nyumbani wasimpigie simu usiku kumweleza kwamba ng'ombe amevunja zizi. Jambo linaloweza kusubiri siku mbili, lisubiri.

Baada ya kengele ya mwisho

Matokeo yakitoka, si wote watakaofurahi. Kushindwa somo moja au mawili si mwisho wa safari, kwani utaratibu wa elimu huria unampa mwanafunzi nafasi ya kurudia na kumaliza kwa kasi yake. Hatari ni aibu. Mtu mzima aliyefeli huona haya mbele ya watoto wake na mbele ya walimu wenzake, akanyamaza, akaacha kufungua vitabu na hatimaye kutojisajili mwaka unaofuata. Wengi wa wanaoacha chuo kwa njia hiyo hawaagi.

Ndiyo maana swali la kwanza nyumbani lisiwe "umepata ngapi?", bali "ni sehemu gani ilikushinda, na tubadili nini?" Pengine saa za alfajiri hazikuheshimiwa. Pengine usajili ulichelewa au mitihani iliyopita haikufanyiwa mazoezi. Sababu ikijulikana, hurekebishwa.

Kemambo, kama kata nyingine zilizo mbali na miji mikubwa, ina uhitaji wa walimu, wauguzi, wahasibu na wanasheria watakaobaki na kufanya kazi miongoni mwa watu wao. Anayesoma akiwa kijijini tayari yupo, ana nyumba, anajua lugha na mila za mahali hapo. Kinachobaki ni kumwezesha avuke mitihani.

Basi, kama katika nyumba yako, ofisi yako au mtaa wako yupo mtu mzima anayesoma kwa masafa, mwulize leo tarehe ya mtihani wake. Kisha mwulize ni kazi gani unayoweza kuishika kwa niaba yake mpaka siku hiyo ipite.